Masaki au Sinza? Usiku wa Dar kwa mgeni wa Mombasa

Huu ni mwaka wa sita nakwenda Dar es Salaam kuchukua vitenge Kariakoo, mara tatu au nne kwa mwaka. Nikirudi Mombasa, wenzangu wa Biashara Street hawaanzi na bei ya mzigo, wanaanza na usiku. "Nikienda nikatembee wapi, Masaki au Sinza?" Majina hayo wameshayasikia zamani. Wanachotaka ni mtu wa kuwachagulia.

Kabla sijajibu, nami huuliza yangu. Utalala wapi? Mko wangapi? Mfukoni kutabaki nini ukishalipa mzigo? Mtu akiniambia yuko peke yake na hajui bado atalala wapi, simwambii habari ya baa yoyote mpaka amalize hilo la kulala. Dar ni kubwa kuliko anavyodhani mtu wa kisiwani, na saa nane za usiku ukubwa wake ndipo unapouona.

Kwa Mmombasa, ziweke hivi kichwani. Masaki ni Nyali iliyosukumwa baharini: rasi ya Msasani, maji pande tatu, balozi, mahoteli, nyumba za wafanyakazi wa mashirika ya nje, kuta ndefu zenye walinzi. Wenyewe wanapaita ushuani, yaani kwa wenye nazo. Sinza ni Mtwapa, ukitoa bahari na ukitoa wazungu. Kuna barabara ya Shekilango na vichochoro vyake, baa mlango kwa mlango, gesti nyuma ya baa, na saluni ambazo saa tatu usiku bado zimejaa wanawake wanaosukwa, kwa sababu safari yao ndiyo kwanza inaanza.

Upepo wa Masaki

Nianze na uzuri wake, maana upo. Sisi watu wa pwani hii jua tunaliona likichomoza baharini, kuzama linazama bara. Ukikaa Slipway, upande wa magharibi wa rasi, unaliona likizama majini, kwenye ghuba ya Msasani, mbele ya mashua zilizotia nanga. Nilipoliona mara ya kwanza nilikaa na soda moja saa nzima na nusu, na hakuna aliyekuja kuniuliza kama naongeza. Mwanamke peke yake mezani, na kitabu au simu yake, pale si habari. Hilo kwangu lina thamani kubwa kuliko mwanga wa jua.

Jua likishazama, bei nazo zinabadilika. Mara ya mwisho bia ya Kilimanjaro niliilipia 2,500 Sinza na 6,000 Masaki, chupa ile ile, baridi ile ile. Shilingi yetu moja huwa kama 18 hadi 20 za kwao, kwa hiyo sufuri zisikutishe, lakini mara mbili na kitu ni mara mbili na kitu. Na usibebe dola ukidhani ushuani watazifurahia: mwaka 2025 serikali ilikataza bidhaa na huduma za ndani kulipiwa kwa fedha za kigeni. Kadi wanapokea sehemu nyingi, na malipo ya simu wanapokea karibu kila mahali, ukiwa na laini ya huko.

Disko za Masaki hazichangamki kabla ya saa tano na nusu. Muziki ni amapiano, bongo fleva na wa Kinaijeria, kwa sauti ambayo wewe na mwenzako mtaongea kwa macho. Mwanamume aliyevaa kaptura na kandambili atarudishwa mlangoni. Wanawake mara nyingi tunaingia bure, na hapo ndipo nataka msomaji wa kike atege sikio. Usiku mmoja tulikuwa wawili, mimi na shoga yangu wa Kariakoo. Baunsa akatuangalia juu hadi chini. "Mko wenyewe?" Ndiyo. Akatufungulia kamba kwa tabasamu, hatukulipa hata senti. Ndani, kila meza tuliyotaka kukaa "imewekwa", maana yake imehifadhiwa kwa anayenunua mzinga mzima wa pombe kali. Tukasimama kaunta saa moja unusu na viatu vyetu virefu, huku wanaume wenye meza wakituashiria twende tukakae kwao. Shoga yangu akaniambia sikioni, "Bure yenyewe ndiyo hii. Sisi ndio mapambo." Tukaondoka. Sehemu hiyo siitaji, na sidhani ni peke yake.

Kwa hiyo Masaki yangu mimi huisha saa nne usiku. Napenda jioni yake. Usiku wake nawaachia wenye meza.

Katikati kuna Coco Beach, Oysterbay, ambayo wengi huipita bila kusimama. Jumamosi na Jumapili jioni familia zimejaa, mihogo ya kukaanga inatolewa ikiwaka, na kachumbari na pilipili juu, mishikaki pembeni. Hakuna kiingilio. Kula, lowesha miguu, ondoka giza likishaingia vizuri. Ufukwe usio na taa si mahali pa kutembea na pochi, hata kwetu.

Meza ya Sinza

Sinza hakuna cha kutazama. Viti vya plastiki, meza zenye nembo ya bia, televisheni kubwa yenye mpira, moshi wa jiko unaokuingia kwenye nywele hadi kesho yake. Hewa imesimama, mbu wapo, na Januari joto lake ni la kukamua nguo. Bado ndiko ninakorudi.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, anakaa Kijitonyama, na ndiye aliyenifundisha namna ya kukaa baa za huko. Somo la kwanza: jikoni na kaunta ni biashara mbili. Vinywaji vinatoka kaunta, nyama ya mchoma nyama mwenyewe, na kila mmoja unamlipa chake. Nyama usiagize ukiwa umekaa. Inuka, nenda jikoni, chagua kipande, kishuhudie kikipimwa, kubalianeni bei kabla hakijagusa moto. Nusu kilo ya mbuzi inawatosha wanawake wawili na ndizi za kuchoma. Kama unakula nguruwe, ulizia kitimoto. Kama huli, uliza pia, maana majiko mengine yanachoma vyote. Ukisikia jirani anaagiza "zege" usifikiri ni fundi ujenzi: ni chipsi mayai.

Somo la pili ni chupa. Mhudumu atakuuliza, "Ya baridi au ya moto?" Ya moto maana yake haijaingia kwenye friji, na kuna watu wazima wenye akili zao wanaoipenda hivyo. Chupa ifunguliwe mbele yako, siku zote, kila chupa, na ukienda chooni ukaiacha haina mwenyewe, usiirudie. Watu kuwekewa madawa si hadithi za kutishana. Chupa tupu zikae mezani, usikubali zichukuliwe, kwa kuwa ndizo daftari lenu. Baa moja tulimwacha mhudumu asafishe meza kila mara, tukamwona msafi kweli. Bili ilipokuja ilikuwa na bia mbili tusizozijua, na ushahidi wote ulikuwa umeshaingia kwenye kreti. Tulilipa. Tangu siku hiyo, ama tunalipa kila raundi inapofika, ama meza yetu inaonekana kama ya walevi wakubwa kumbe tumekunywa tano.

Ni lazima nieleze jambo la bia za kutumiwa, kwa sababu hapo ndipo Sinza inapotofautiana na Masaki kuliko mahali pengine popote. Tulikuwa tumekaa, wifi na mimi, mhudumu akaja na bia mbili ambazo hatukuagiza. "Zimelipiwa, dada zangu. Zimetoka kwa yule kaka wa meza ya pale." Kaka akainua glasi. Mimi nilikuwa tayari kuzirudisha kwa hasira za Kimombasa. Wifi akanikanyaga mguu. Alimwambia mhudumu, "Mpelekee na yeye mbili kama anazokunywa, mwambie tumeshukuru sana." Bia zikaenda, kaka akacheka, akapunga mkono, akabaki kwake. Bia ukiipokea ukanyamaza umemkaribisha mtu mezani. Ukiirudisha umemwaibisha mbele ya wenzake. Ukimjibu kwa bia, mmekuwa sawa. Ilitugharimu 5,000 na tulikaa hadi saa saba bila kusumbuliwa tena.

Lugha nayo inafanya kazi yake. Dar huombi radhi kwa kuwa mgeni, lakini "nipe" na "leta" zinakera. Sema "naomba". Naomba bia, naomba chenji, naomba kupita. Wenzetu wa Nairobi huagiza kama wanatoa amri kambini, kisha wanashangaa kwa nini chakula kinachelewa. Mama mtu mzima anayeuza karanga kati ya meza mwamkie shikamoo hata kama umeshika bia mkononi, hakuna atakayeona ajabu.

Na siku ya dabi ya Simba na Yanga angalia nguo. Mimi nilivaa blauzi nyekundu bila kufikiri. Nikawa Simba kuanzia mlangoni, nikapewa kiti mbele, na Yanga walipofunga nikafarijiwa na watu nisiowajua kwa msiba usio wangu.

Mambo ya watu wazima

Wanaume wanaoniuliza habari za usiku wa Dar mara nyingi wanazunguka, wakati swali lao liko wazi. Basi niliseme. Biashara ya mwili ipo Masaki na ipo Sinza, na kote kuwili sheria ya Tanzania inaikataza. Masaki imepulizia manukato, inakaa kwenye kiti kirefu cha kaunta na haitaji bei mpaka umeshanunua vinywaji vitatu. Sinza baadhi yao husimama kando ya barabara, na misako ya polisi hutokea bila taarifa. Mgeni akikamatwa katikati ya hayo anakuwa mtu wa kukamuliwa na kila mtu. Yapo pia ya kuibiwa: simu na fedha ya mzigo vimepotelea zaidi kwenye vyumba vya gesti kuliko vilivyopotelea njiani. Fedha ya mzigo hailali na wewe baa. Ipeleke kwa mwenye duka Kariakoo mchana, uchukue risiti.

Baamedi si sehemu ya hayo, isipokuwa atake mwenyewe. Akikuuliza "na mimi je?" anaomba umnunulie kinywaji, ni mazoea ya kazi yake, na "leo hapana, dada" inatosha. Mshahara wake ni mdogo, mwachie chenji.

Gesti za Sinza ni rahisi na nyingine ni safi kabisa, ila ujue zinaishi kwa wateja wa aina mbili. Tulipofika mimi na shoga yangu na mabegi yetu ya vitenge, kijana wa mapokezi hakuinua hata macho. "Kulala au kupumzika?" Kupumzika ni saa chache, bei yake nyingine. Alipoinua macho akatuona na mizigo, akaona haya, akatusogezea kitabu cha wageni. Kina safu ya jina, unakotoka, unakokwenda, kazi, hata kabila. Shoga yangu kwenye safu ya kazi aliandika "kupumzika". Chumba cha nyuma, mbali na spika za baa, ndicho cha kuomba. Kelele zimekuwa kesi kweli, hadi NEMC, baraza la mazingira, limewahi kufungia baa na kumbi kwa ajili yake, lakini usiku wa Ijumaa usitegemee NEMC ikulaze.

Na hili ni la sisi Wakenya. Miraa, wao wanaita mirungi, Tanzania ni dawa ya kulevya kisheria. Ile ya kutafuna Mombasa mchana kweupe huko inakupeleka mahakamani, kwa hiyo pekua mifuko kabla ya kufika Horohoro, mpakani. Shisha Dar ilipigwa marufuku 2016, mwaka mmoja kabla ya kwetu. Nguo za mabaka ya kijeshi usivae, hata kama ni fasheni.

Kama unachotaka ni muziki

Basi huchagui Masaki wala Sinza. Muziki wa dijei upo dunia nzima. Dar ina kitu ambacho Mombasa tumekiacha kife, nao ni muziki wa dansi unaopigwa jukwaani na watu waliozeeka pamoja. Msondo Ngoma walianza 1964 wakiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Wapinzani wao wa jadi, DDC Mlimani Park, yaani Sikinde, ni wa 1978. Bendi hizi zinabadilisha kumbi, kwa hiyo ulizia wiki unayofika, na muulize mtu wa zaidi ya miaka hamsini. Vijana watakupa jina la disko.

Nilipelekwa na wifi Jumapili moja. Wanandoa wa makamo wamevaa sare ya kitenge, nami jicho langu la biashara likakijua kitenge chenyewe na bei yake ya jumla. Wimbo unaanza polepole kwa dakika nne tano, watu wamekaa, wanakunywa, wanasikiliza maneno. Kisha magitaa yanabadilika, ngoma inaingia, na ukumbi wote unainuka mara moja kama walioambiwa. Wanacheza kwa mstari, bila haraka, nyonga zikizungumza kidogo tu. Mzee mmoja akapanda jukwaani akambandika mwimbaji noti ya elfu kumi kwenye paji la jasho, akashuka kwa hatua zile zile za wimbo. Hakuna aliyetutumia bia. Hakuna aliyetuuliza tuko wenyewe. Bibi wa meza ya jirani alinishika mkono akanipeleka mstarini.

Singeli ni muziki mwingine, wa kasi, wa Manzese na Tandale, na usiku wake wa mtaani usiende bila mwenyeji wa mtaa huohuo.

Kurudi

Hapa ndipo uchaguzi unapoamuliwa. Daladala na mwendokasi zikishalala, umebaki na bajaji, bodaboda na gari la kuita kwa simu. Bodaboda usiku, baada ya pombe, mimi sipandi, na dereva naye sijui amekunywa nini. Gari la simu Masaki linafika haraka, ila jiandae kwa mazungumzo. Usiku mmoja nilipochelewa, wa kwanza alinipigia akiwa bado mbali: "Unaenda wapi, dada? Kariakoo? Bei ya mtandao hailipi, ongeza elfu nne." Nikakataa, akafuta safari. Wa pili naye akaja na lake. Wa tatu nilimwongeza, maana saa nane ile nilikuwa nimechoka kuwa na msimamo.

Sinza kazi hiyo haipo ukilala Sinza hapo hapo. Unavuka barabara, unaingia chumbani. Ndiyo maana ukiniuliza kwa watu wawili au watatu wenye bajeti ya wafanyabiashara, nasema laleni Sinza, na Masaki muende jioni moja, mtazame jua, mle, mrudi kabla ya saa nne wakati bajaji bado zinapita kwa wingi. Mwanamke aliye peke yake, safari ya kwanza, hana ndugu Dar? Kwake nageuza: achukue chumba karibu na atakapokaa, ushuani, hata kama ni usiku mmoja tu, aache Sinza mpaka apate wa kumpeleka.

Masika ongeza hesabu nyingine. Machi hadi Mei mvua ikikaza, bonde la Jangwani hujaa maji na barabara ya Morogoro hufungwa hapo, kati ya Magomeni na mjini. Mwaka mmoja niliamka Sinza nina miadi Kariakoo saa mbili asubuhi, nikafika saa sita, mzigo wangu wa rangi niliyoitaka umeshachukuliwa na Mkongo. Miezi hiyo nalala Kariakoo kwenyewe, na usiku nakula chipsi kuku kibarazani.

Usiku wa mwisho, hata hivyo, nalala Sinza masika na kiangazi. Stendi ya Magufuli iko Mbezi Luis, huko huko kwenye barabara ya Morogoro lakini upande wa nje ya mji, kwa hiyo Jangwani hupiti, na basi langu la Mombasa ni la asubuhi. Saa kumi na nusu alfajiri mama wa supu pale kona ameshakoleza moto. Supu ya ng'ombe, ndimu, chapati mbili, na kwenye benchi moja umekaa wewe unayesafiri na wengine ambao bado hawajalala. Bajaji inasubiri na vitenge vyako nyuma.